Ada yako inanunua nini? Tathmini ya huduma ya kibali cha mipango kwenye halmashauri za England

Uwazi: nyota 5. Ubora wa uamuzi: nyota 4. Muda: nyota 2 na nusu. Mawasiliano: nyota 2. Hizo ndizo alama, kwa msomaji ambaye fundi ameshamwaga mchanga mlangoni na hana muda wa kusoma zaidi.

Huduma inayopimwa hapa ni ile anayokutana nayo mwenye nyumba au mwenye biashara England anapotaka kuongeza chumba nyuma, kuinua paa, kugeuza duka kuwa sehemu ya kuuzia chakula cha kuchukua, au godauni kuwa msikiti au kanisa. Anajaza fomu kwenye tovuti ya Planning Portal, analipa, halmashauri ya eneo lake inapima, kisha inajibu kwa barua. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao na ada zao, kwa hiyo yaliyomo humu yasipelekwe huko.

Wateja wengi wa huduma hii, hasa waliozoea utaratibu wa "muone fulani pale ofisini", hudhani wananunua huruma ya mtu. Kinachonunuliwa ni ripoti. Afisa mipango mmoja anafungua faili, anatazama michoro, anakwenda kuliona eneo mara moja (siku hizi mara nyingine anaomba picha tu), kisha anaandika kurasa chache zinazolipima ombi dhidi ya mpango wa maendeleo wa halmashauri. Mkubwa wake anaidhinisha. Zaidi ya maamuzi 9 kati ya 10 hupita njia hii ya madaraka yaliyokasimiwa, na madiwani hawayaoni kabisa. Ukitaka kujua kama ombi lako ni zuri, jiulize kama linamrahisishia afisa huyo kuandika "inapendekezwa kukubaliwa".

Naye amefungwa mikono na sheria. Kifungu cha 38(6) cha Sheria ya Mipango na Ununuzi wa Lazima ya 2004 kinataka uamuzi ufuate mpango wa maendeleo, isipokuwa kuwe na hoja nzito za kimipango zinazoelekeza vinginevyo. Mpango huo ni kitabu cha sera zenye namba: hii inalinda mwanga wa jirani, ile inalinda sura ya mtaa, nyingine inahesabu maegesho. Ombi likikataliwa, barua itataja namba za sera zilizovunjwa. Likikubaliwa, maana yake afisa amezipita moja moja bila kukwama. Zisome sera hizo kabla mchoraji hajashika kalamu. Zipo bure kwenye tovuti ya kila halmashauri, pamoja na kijitabu cha mwongozo wa nyongeza za nyumba chenye picha, ambacho wachoraji wa bei rahisi ni nadra kukifungua.

Kabla ya kulipa, uliza kama unahitaji kulipa

Nyumba nyingi zina ruhusa ya jumla ya kujenga vitu vya kiasi bila kuomba kibali, chini ya amri ya mwaka 2015. Nyongeza ya ghorofa moja nyuma inaruhusiwa kutokeza hadi mita 3 kwa nyumba pacha au ya safu, na mita 4 kwa nyumba iliyosimama peke yake. Kimo kisizidi mita 4, na ukingo wa paa usizidi mita 3 pale ukuta unapokuwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani. Chumba cha darini kinaruhusiwa kuongeza hadi mita za ujazo 40 kwa nyumba ya safu na 50 kwa nyingine. Banda la uani lililo ndani ya mita 2 kutoka mpaka lisipite kimo cha mita 2.5.

Mtego uko kwenye maneno "nyumba ya asili" yaliyomo kwenye amri hiyo. Vipimo vyote vya nyongeza huanzia kwenye ukuta wa nyumba ilivyojengwa mwanzoni, au ilivyokuwa Julai 1, 1948 kama ni ya zamani zaidi ya hapo. Aliyenunua nyumba ambayo jiko lake lilisogezwa nyuma mita 3 miaka ya 1980 hana mita 3 nyingine. Mwenye nyumba wa zamani alishazitumia. Flati hazina ruhusa hii ya nyongeza hata kidogo. Maeneo ya hifadhi ya majengo yamebanwa zaidi. Na halmashauri inaweza kuiondoa ruhusa kwa mtaa mzima au mji mzima kwa amri maalumu. Birmingham na Manchester, kwa mfano, zimefanya hivyo jiji zima kwa nyumba za kupangisha vyumba: kugeuza nyumba ya familia iwe ya wapangaji 3 hadi 6 wasio ndugu, jambo ambalo kwingine halihitaji kibali, huko linahitaji. Wakizidi 6, kibali kinahitajika popote. Leseni ya kupangisha ni suala jingine na ofisi nyingine. Kuwa na moja hakukupi ya pili.

Ipo pia njia ya kati. Nyongeza ya nyuma inaweza kufika mita 6 kwa nyumba pacha au ya safu, na mita 8 kwa iliyosimama peke yake, kwa utaratibu wa idhini ya awali. Halmashauri inawaandikia majirani wanaopakana nawe. Asipopinga hata mmoja, haipimi athari kwao. Isipokujibu ndani ya siku 42, unaweza kuanza kujenga kama ulivyoeleza. Kwa bei ya Aprili 2025, njia hii ilikuwa pauni 240, na kwa jiko kubwa la familia ndiyo bidhaa yenye thamani kuliko zote dukani humu. Mtembelee jirani na michoro na kikombe cha chai kabla barua ya halmashauri haijamfikia. Anayeisikia habari kwa barua kwanza ndiye anayeandika pingamizi.

Kama kazi yako haihitaji kibali, nunua cheti cha uhalali kwa nusu ya ada ya kibali. Kisheria si lazima. Ila siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atakiulizia, na maneno ya "fundi alisema inaruhusiwa" hayapokelewi.

Tovuti na karatasi

Aprili 1, 2025 ada ya ombi la kuongeza au kubadili nyumba moja ya kuishi ilipanda kuwa pauni 528. Kabla ya hapo ilikuwa 258. Kubadili matumizi ya jengo kulikuwa pauni 588 kwa bei hiyo ya 2025. Kanuni zinaruhusu ada hizi zipande kila Aprili kufuata mfumuko wa bei, basi tazama bei ya siku unayowasilisha. Juu yake Planning Portal inaongeza ada yake ya huduma. Anayetaka kuiepuka anaweza kupeleka fomu moja kwa moja halmashauri, lakini fomu ya mtandaoni inakuzuia usiache maswali ya lazima wazi, na hilo pekee lina thamani yake. Jambo la kukumbuka: tovuti haikagui michoro yako. Inapokea, inasubiri malipo yaingie, inatuma. Ukilipa baada ya siku tano, ombi lako limelala siku tano.

Likifika halmashauri, haliendi kwa afisa mipango. Linaenda kwanza kwa watu wa uhakiki, wanaokagua kama karatasi zimetimia, na hapa ndipo maombi mengi hukwama kwa makosa ya kitoto. Ramani ya eneo inatakiwa iwe kwa kipimo cha 1:1250 au 1:2500, yenye mshale wa kaskazini, ikionyesha kiwanja kwa mstari mwekundu uliofungwa pande zote. Mstari huo uingize na njia ya kufika barabara ya umma. Ukiishia kwenye geti ilhali geti linafungukia kichochoro cha watu binafsi, faili linarudi. Ardhi nyingine yako iliyo jirani izungushiwe mstari wa bluu. Ramani inunuliwe kwa muuzaji mwenye leseni. Picha iliyokatwa Google Maps haina kipimo na ina haki za watu.

Mchoro wa kiwanja uwe 1:500 au 1:200, na michoro ya sakafu na sura za nyumba iwe 1:50 au 1:100, ya sasa na ya baadaye, pande zote zinazobadilika. Weka mstari wa kipimo kwenye kila ukurasa na utaje ukubwa wa karatasi, A3 au A1. Wachoraji wana mazoea ya kubandika onyo la "usipime kwenye mchoro huu" ili wajikinge na mafundi. Halmashauri nyingi huukataa mchoro wenye maneno hayo, kwa sababu kupima kwenye mchoro ndiyo kazi yenyewe ya afisa. Lifute.

Kosa baya zaidi ni la cheti cha umiliki. Cheti A ni cha anayemiliki peke yake kila inchi iliyo ndani ya mstari mwekundu. Cheti B ni cha pale ambapo kuna mmiliki mwingine, naye lazima awe amepewa taarifa rasmi. Mwenye upangaji wa muda mrefu uliobakiza miaka 7 au zaidi anahesabika kuwa mmiliki. Sasa tazama mchoro wa nyongeza inayojengwa juu ya mpaka kabisa: msingi unatoka sentimita 15 upande wa pili, gata la paa linaning'inia juu ya ua wa jirani. Hapo Cheti A ni cha uongo. Jirani mwenye macho ataligundua, na ombi lote linaweza kubatilika hata likiwa wiki ya saba. Ama rudisha ukuta nyuma, ama mpe jirani taarifa na utumie Cheti B. Kutoa cheti cha uongo kwa kujua ni kosa la jinai.

Mbali na mahitaji ya taifa, kila halmashauri ina orodha yake ya nyaraka za ziada: ripoti ya miti, ya popo darini, ya mafuriko. Orodha hiyo iko mtandaoni. Kuisoma ni dakika 20. Kutoisoma huwa ni wiki tatu.

Wiki 8 ambazo hazianzi pale unapodhani

Muda wa kisheria kwa ombi dogo ni wiki 8, na 13 kwa miradi mikubwa. Saa haianzi siku uliyolipa, inaanza siku inayofuata ile ambayo halmashauri imepokea ombi lililotimia pamoja na ada sahihi; karatasi ikikosekana, inasubiri mpaka ifike. Halmashauri yenye uhaba wa watumishi inaweza kukaa na faili wiki mbili au tatu kabla hata ya kulihakiki, na hakuna anayekupigia simu. Baada ya hapo majirani wanaandikiwa au tangazo linabandikwa kwenye nguzo ya taa, nao hupewa siku 21. Afisa huja katikati. Kisha kimya. Kisha, wiki ya saba, barua pepe ya kwanza ya maana: "Kwa ilivyo sasa siwezi kuunga mkono. Je, unaweza kupunguza kina kwa mita 1 na kukubali kuongeza muda?"

Mawasiliano yamepewa nyota 2 kwa sababu ya barua hii. Kuna halmashauri zinazomweka afisa anayepokea simu, na zipo ambazo sera yao iliyochapishwa inasema wazi kwamba hawatazungumza na mwombaji wakati ombi linapimwa, na hawatapokea michoro iliyorekebishwa. Angalia sera hiyo mapema. Kwenye halmashauri za aina ya pili una risasi moja tu, basi ushauri wa kabla ya ombi, unaolipiwa kwa bei ya kila halmashauri, una maana. Kwenye aina ya kwanza, kwa nyongeza ya kawaida, hela hiyo mara nyingi ni bora uilipe kwa mchoraji anayeijua halmashauri. Ushauri huo haumfungi afisa atakayeamua baadaye, na halmashauri huandika hivyo chini ya barua.

Ukiombwa kuongeza muda, usikubali kwa mazoea wala usikatae kwa hasira. Ombi dogo lisiloamuliwa ndani ya wiki 16 linastahili kurudishiwa ada, lakini ukishaandika kwamba umekubali muda zaidi, haki hiyo imekwenda. Kwa upande mwingine, ukikataa, afisa ana dawa nyepesi: kukataa ombi siku ya mwisho. Na tangu Desemba 6, 2023 hakuna tena ile nafasi ya kurudia bure baada ya kukataliwa. Unalipa ada nzima upya. Hesabu hapa ni rahisi. Kama anachokitaka kinarekebishika kwa mchoro mmoja, kubali, ila taja tarehe kamili na iwe ya karibu.

Anachopima hasa

Mambo yanayoangusha nyongeza za nyumba hayazidi manne. Mwanga: halmashauri nyingi huchora mstari wa nyuzi 45 kutoka katikati ya dirisha la jirani la chumba cha kuishi lililo karibu zaidi, na nyongeza ikiukata mstari huo, hasa ya ghorofa mbili, iko mashakani. Mchoraji mzuri anauchora mstari huo mwenyewe kwenye mchoro ili afisa asihangaike kuufikiria. Faragha: miongozo mingi hutaka mita 21 kati ya madirisha ya nyuma yanayotazamana, na dirisha la pembeni ghorofani liwe la kioo cha ukungu, lisilofunguka chini ya mita 1.7 kutoka sakafuni. Uzito wa jengo: ukuta mrefu mtupu mpakani unaomfanya jirani ajisikie kama yuko kisimani. Na sura: nyongeza ya pembeni iliyo sawasawa na ukuta wa mbele inaunganisha nyumba mbili pacha kuwa moja ndefu, miongozo mingi hutaka irudi nyuma kidogo na paa lake liwe chini ya paa kuu.

Hoja zisizopimwa ni nyingi kuliko majirani wanavyoamini. Kushuka kwa bei ya nyumba, kupoteza mandhari, vumbi la ujenzi, ugomvi wa mpaka, ushindani wa biashara, tabia ya mwombaji: hakuna hata moja. Waraka wenye sahihi 100 usio na hoja ya kimipango una uzito wa karatasi yake. Barua moja inayosema "dirisha hili litatazama chumba cha kulala kwa umbali wa mita 9" inazishinda sahihi zote. Mwombaji afanye hivyo hivyo: habari za watoto kukua na chumba kuwa kidogo ni za kweli, ila hazimpi afisa sentensi ya kuweka kwenye ripoti.

Na hapa ndipo nyota 5 za uwazi zinapopatikana. Kila halmashauri inalazimika kuweka rejista ya maombi, na karibu zote zimeiweka mtandaoni. Andika jina la mtaa wako. Utaona nani aliomba nini, michoro yake, pingamizi za majirani, barua ya uamuzi na mara nyingi ripoti nzima ya afisa. Tafuta nyumba tatu za aina yako zilizokubaliwa na moja iliyokataliwa, soma ripoti zake, kisha taja namba za faili hizo kwenye barua yako ya utangulizi. Kila ombi hupimwa kwa hali yake, kweli, lakini afisa anayekataa leo kilichokubaliwa nyumba ya tatu mwaka juzi analazimika kueleza tofauti.

Kamati ya madiwani

Ombi huenda kamatini diwani wa kata akiliita kwa sababu za kimipango, au pingamizi zikifika idadi iliyowekwa na halmashauri, au mwombaji akiwa diwani au mtumishi. Ajenda na ripoti huwekwa wazi siku 5 kamili za kazi kabla ya kikao. Mwombaji na mpinzani hupewa muda wa kusema, mara nyingi dakika 3, na lazima ujiandikishe mapema. Dakika 3 ni maneno 400 hivi. Yatumie kwenye sababu zilizoandikwa ndani ya ripoti tu.

Diwani anaruhusiwa kukusikiliza kabla ya kikao. Haruhusiwi kuwa ameshafunga akili. Anayekuahidi kura amejiharibia nafasi ya kupiga kura, na anaweza kuuharibu uamuzi wenyewe mahakamani. Kamati inaweza kwenda kinyume na pendekezo la afisa, ila itaje sababu za kimipango. Isipokuwa nazo, mkaguzi wa rufaa anaweza kuitoza halmashauri gharama. Ndiyo maana vikao hivi, kwa mtu aliyetarajia mchezo wa siasa, huchosha.

Mgahawa, na mahali pa ibada

Kwa wafanyabiashara na jumuiya zetu huko, sehemu hii ina hasara kubwa kuliko jiko la nyumbani, kwa sababu mkataba wa pango husainiwa kwanza na kibali hufikiriwa baadaye.

Duka na mgahawa wa kukaa viko kundi moja la matumizi, Kundi E, tangu Septemba 1, 2020, kwa hiyo kugeuza duka la nguo kuwa mgahawa wa pilau hakuhitaji kibali cha kubadili matumizi. Chakula cha kuchukua kikiwa ndiyo biashara kuu, kinahitaji. Na hata kwa mgahawa, dohani ya nje inahitaji kibali kama kazi ya ujenzi. Halmashauri nyingi hutaka itokeze juu ya paa angalau mita 1, na ombi liambatane na vipimo vya feni, vichujio vya mafuta na harufu, na ripoti ya kelele inayolinganisha feni na utulivu wa usiku kwenye dirisha la flati ya juu. Afisa afya ya mazingira ndiye anayesoma ripoti hiyo, na neno lake kwa kawaida ndilo la mwisho. Mishkaki ya mkaa itajwe waziwazi. Mfumo uliopangwa kwa ajili ya fraya ya chipsi hauwezi moshi wa mkaa.

Mahali pa ibada ni Kundi F1. Godauni au kiwanda kidogo kikikodiwa kwa ajili hiyo, kikwazo cha kwanza ni sera ya kulinda maeneo ya ajira, hata kabla ya kufika kwenye kelele. Halmashauri itataka ushahidi kwamba jengo lilitangazwa kwa matumizi ya kazi kwa muda uliotajwa kwenye sera yake, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, na halikupata mpangaji. Mwenye jengo asipokuwa na ushahidi huo, tafuta jengo jingine kabla ya kutoa amana.

Kikwazo cha pili ni magari. Hesabu ya maegesho ifanywe saa ya kilele chenu wenyewe: Ijumaa mchana, au Jumapili asubuhi. Utafiti wa Jumanne alasiri unamwonyesha afisa kwamba hamtaki aone. Cha tatu ni saa. Ombi lililoandikwa "saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku" litapewa sharti hilo hilo, na Ramadhani ikiangukia majira ya joto tarawehe huisha karibu na usiku wa manane. Kwaya yenye vipaza sauti nayo itapewa sharti la kufunga milango na madirisha, kwa hiyo jengo lisilo na njia ya kupitisha hewa litakuwa tanuri. Cha nne ni maelezo ya matumizi yenyewe. Kama mtakuwa na madrasa ya jioni, hitima, harusi na mikutano ya ukoo, vyote viandikwe kwenye ombi, na idadi ya watu kwa kila kimoja. Kibali cha ibada hakigeuki kuwa cha ukumbi wa harusi kwa sababu tu ukumbi ni ule ule.

Baada ya barua

Takriban maombi 9 kati ya 10 ya nyumba za kuishi hukubaliwa. Kibali hudumu miaka 3, na ujenzi lazima uwe umeanza ndani yake. Soma masharti kabla ya kumpa fundi tarehe. Sharti lenye maneno "kabla ya ujenzi kuanza" lina maana hiyo hiyo: ukichimba msingi kabla ya kulitimiza, unaweza kuwa umejenga bila kibali huku barua ya kibali iko mfukoni. Kuwasilisha nyaraka za kutimiza masharti ya nyumba kulikuwa pauni 86 kwa kila ombi kwa bei ya Aprili 2025, kwa hiyo yapeleke yote pamoja. Ukaguzi wa uimara wa jengo, na taarifa kwa jirani chini ya Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996, ni mambo tofauti kabisa. Kibali hiki hakiyagusi.

Ukikataliwa, rufaa ni bure na huenda kwa Planning Inspectorate, ofisi ya serikali kuu ya wakaguzi wa rufaa, ndani ya wiki 12 kwa nyumba za kuishi. Ni theluthi hivi tu hushinda, na karatasi ni zile zile ulizopeleka halmashauri, bila nafasi ya kuleta mchoro mpya. Kama barua ya kukataliwa ina sababu moja inayorekebishika, ombi jipya hufika haraka kuliko rufaa. Rufaa iwekwe kwa tofauti ya mtazamo: pale afisa anaposema "kubwa mno" na mtaa una tano za ukubwa huo.

Aliyejenga bila kuomba bado anaweza kuomba baada ya kujenga, kwa ada ile ile. Asitegemee hadithi ya kujificha miaka minne. Kwa kazi zilizokamilika tangu Aprili 25, 2024, muda wa halmashauri kuchukua hatua ni miaka 10. Ilani ya kubomoa ikitoka, rufaa iwasilishwe kabla ya tarehe inayoanza kutumika; muda wa kuitekeleza uliotajwa ndani yake ukiisha, kuipuuza ni kosa la jinai na faini haina kikomo.

Barua ya kibali ikifika, fungua kwanza orodha ya michoro iliyoidhinishwa. Kama afisa aliomba marekebisho njiani, hakikisha iliyotajwa ni namba ya mchoro wa mwisho, toleo B au C, na siyo ule wa kwanza. Ikiwa ni ule wa zamani, mwandikie siku hiyo hiyo uombe irekebishwe, na usimpe fundi mchoro wowote mpaka barua mpya ifike.